Jarida la wasomaji wachache: Jinsi kurasa za muziki wa klasiki zinavyosanifiwa

Mnamo Aprili 1923, mwandishi wa riwaya Compton Mackenzie alizindua jijini London jarida dogo lililoitwa The Gramophone. Alishirikiana na shemeji yake, Christopher Stone. Wakati huo jiji hilo halikuwa na uhaba wa magazeti, wala maduka yake hayakuwa na uhaba wa santuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza mnunuzi, bila kupakapaka mafuta, ni santuri ipi iliyostahili pesa zake na ipi iliyostahili kuachwa rafuni.

Hasara ya kukosea haikuwa ndogo. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ya zama hizo, iliyozunguka takriban mara 78 kwa dakika, ulibeba muziki wa dakika nne hadi tano tu. Simfoni ya dakika 40 ilihitaji santuri nne au tano, na mara nyingi kampuni zilikata vipande vya muziki ili kupunguza idadi hiyo. Mtu aliyejinyima ili anunue kazi nzima ya Beethoven angeweza kufika nyumbani na nusu yake.

Jarida hilo, ambalo baadaye liliondoa neno "The" katika jina lake, lingali linachapishwa zaidi ya karne moja baadaye. Wamiliki wamebadilika. Santuri za kale zimefuatwa na zile za kuzunguka polepole, kisha kanda, kisha CD, na sasa muziki wa mtandaoni. Hata hivyo, swali lililolizaa ndilo hilo hilo ambalo kila mtu anayetaka kubuni jarida la kundi dogo hana budi kuliuliza kabla ya jambo lingine lolote: msomaji atapoteza nini iwapo jarida hili halipo?

Wengi hawaanzi hapo. Huanza na nembo, rangi na picha ya jalada, kisha wakatafuta msomaji wa kuvishwa vazi lililokwisha kushonwa. Katika jarida la umma mkubwa kosa hilo linaweza kufunikwa na idadi ya watu. Katika jarida la watu elfu chache halifuniki chochote, kwani msomaji mmoja akiondoka pengo lake huonekana.

Ikumbukwe kwamba muziki wa klasiki unaozungumziwa hapa si zile nyimbo za kale ambazo redio zetu huziita zilizopendwa. Ni muziki wa asili ya Ulaya ulioandikwa kwa nota na watunzi kama vile Bach, Mozart, Beethoven na waliowafuata, unaopigwa na okestra, makundi madogo ya ala au mpigaji mmoja, na unaoimbwa katika opera na kwaya. Wapenzi wake wametawanyika kote duniani, lakini katika kila mji ni wachache.

Na uchache huo una matabaka ndani yake. The Strad, lililoanzishwa London mwaka wa 1890, ni la watu wa fidla na ndugu zake wa nyuzi: wapigaji, walimu na mafundi wanaozichonga. Msomaji wa aina hiyo hanunui jarida ili aambiwe Beethoven alizaliwa lini. Anataka kujua unene wa ubao, umbo la shingo na rangi ya vanishi. Ndiyo maana The Strad limejijengea jina kwa mabango yenye picha za ala mashuhuri kwa ukubwa wake halisi, zikiambatana na vipimo ambavyo fundi anaweza kuvitumia katika karakana yake. Bango hilo ukutani mwa fundi lina kazi sawa na patasi yake.

Opera, lililoanzishwa mwaka wa 1950 na Lord Harewood, aliyekuwa binamu ya Malkia Elizabeth wa Pili, lilichagua njia nyingine. Umbo lake ni dogo, karibu na la kitabu, na kurasa zake hujaa taarifa za maonyesho kutoka miji mbalimbali: nani aliimba nini, wapi, na kwa kiwango gani. Wapenzi wa opera ni watu wa kusafiri na kulinganisha, na jarida linaloingia mfukoni mwa koti huwafaa kuliko lile la kuwekwa juu ya meza sebuleni.

Nchini Marekani, jarida la Fanfare lilianza mwaka wa 1977 na limekuwa likitoka mara moja kila miezi miwili, likiwa na mamia ya kurasa za tahakiki zilizopangwa kwa alfabeti ya majina ya watunzi. Picha ni chache, maneno ni mengi. Msanifu wa kurasa aliyefunzwa katika magazeti ya mitindo angelitazama kwa huruma. Lakini msomaji wake halitazami, hulitumia, kama mtu anavyotumia kamusi. Anayemtafuta Haydn anajua yuko baada ya Handel na kabla ya Hindemith, na hahitaji rangi ya kumwelekeza huko.

Gramophone lenyewe huzigawa tahakiki zake kwa aina ya muziki: okestra kwanza, kisha muziki wa vyumbani, ala moja moja, sauti na opera. Mpangilio huo unaonekana kuwa jambo dogo, lakini umejengwa juu ya dhana kuhusu msomaji. Jarida la alfabeti hudhani kwamba msomaji anajua anachokitafuta. Jarida la mafungu hudhani kwamba anapenda piano, mathalani, na yuko tayari kukutana na mtunzi asiyemfahamu mradi ameandikia piano.

Mfano bora zaidi wa namna jarida dogo linavyoweza kuwatumikia wasomaji wake ulijitokeza mapema sana. Mwaka wa 1924, mwaka mmoja tu baada ya toleo la kwanza, watu wa The Gramophone waliunda chama kilichoitwa National Gramophonic Society. Kampuni kubwa za kurekodi ziliamini kwamba kwateti, yaani muziki wa kundi la wapiga ala wanne wa nyuzi, haungeuzika. Ziliurekodi kwa vipande au haziukurekodi kabisa. Chama kikawaomba wasomaji walipe mapema, kikakodi wapigaji, kikarekodi kazi nzima bila kukata chochote na kuwapelekea wanachama santuri zao.

Kazi ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwateti ya Beethoven iitwayo "Kinubi", op. 74, iliyopigwa na kundi la Spencer Dyke. Mnamo 1927, kijana mmoja mpiga cello aliyeitwa John Barbirolli alipewa na chama hicho nafasi ya kurekodi akiwa kiongozi wa okestra. Baadaye Barbirolli alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa okestra waliosifika sana Uingereza, hasa alipoiongoza Hallé ya Manchester kuanzia 1943.

Chama kilikoma mwaka wa 1931. Lakini mwaka huo huo kampuni ya HMV ilianza kutumia njia kama hiyo kwa kurekodi nyimbo za Hugo Wolf baada ya kukusanya ahadi za wanunuzi, na muda mfupi baadaye ikafanya vivyo hivyo kwa sonata za Beethoven zilizopigwa na Artur Schnabel. Kampuni kubwa ilikuwa imeona kwamba watu wachache wenye hamu kubwa, wakikusanywa na kulipa mapema, wanaweza kugharimia jambo ambalo soko la jumla limelikataa.

Hapa pana funzo la usanifu ambalo halimo katika vitabu vya rangi na herufi. Kurasa za jarida lile zilipangwa ili msomaji ajibu: palikuwa na barua, mijadala, maswali na mashindano. Ukurasa wa barua haukuwa pambo la kujazia nafasi mwishoni, bali ndiyo njia ambayo mhariri aliitumia kujua ni nani hasa aliyekuwa upande wa pili.

Suala la pesa, hata hivyo, ni gumu zaidi, na ni la kale kuliko santuri. Mjini Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Breitkopf & Härtel ilianza kuchapisha mwaka wa 1798 jarida lililoitwa Allgemeine musikalische Zeitung. Kampuni hiyo iliuza nota za muziki. Jarida lake lilihakiki nota za muziki. Si vigumu kuona tatizo lilipo.

Mwaka wa 1834, Robert Schumann, aliyekuwa na umri wa miaka 23, aliungana na marafiki zake mjini humo humo na kuanzisha jarida la kupingana na lile, Neue Zeitschrift für Musik. Walichokipinga ni uhakiki wa asali, ule unaomsifu kila mtu ili asikasirike mtu yeyote. Schumann alikuwa mhariri wake hadi 1844. Katika kurasa zake alitumia wahusika wa kubuni: Florestan, mwenye hamaki, na Eusebius, mpole na mwenye ndoto. Hao wawili waliweza kubishana juu ya kazi moja, na msomaji akaachwa kuamua. Kwa lugha ya leo, ule ulikuwa usanifu wa kurasa: sauti mbili zinazotofautiana juu ya jambo moja, kila moja ikiwa na jina lake.

Karibu karne mbili baadaye, tatizo la Leipzig halijaisha. Jarida la muziki wa klasiki hutegemea matangazo ya kampuni za kurekodi, kumbi za muziki, matamasha na watengenezaji wa vifaa vya kusikilizia. Hao ndio pia wanaohakikiwa. Mtangazaji wa sabuni hajali jarida limesema nini kuhusu simfoni ya Mahler. Mtangazaji wa simfoni hiyo anajali sana.

Mhariri mwenye uangalifu hujenga ukuta, na msanifu ndiye fundi wa ukuta huo. Tangazo la rekodi fulani haliwekwi mkabala na tahakiki ya rekodi hiyo hiyo. Makala yaliyolipiwa huandikwa wazi kuwa ni tangazo, tena kwa herufi za aina nyingine, ili hata anayepekua kwa haraka asichanganyikiwe. Ukurasa wa matangazo haupewi sura ya ukurasa wa habari. Katika jarida la kundi dogo mambo haya ni ya kufa na kupona. Wasomaji wake ni wajuzi, wanafahamiana, na wakishuku mara moja kwamba sifa zinanunuliwa hawarudi.

Jalada nalo ni uwanja wa mvutano huo huo. Watunzi wengi wakubwa walikwisha kufa, na sura zao hazibadiliki: Bach ni yule yule mwenye nywele za bandia, Beethoven ni yule yule aliyekunja uso. Hivyo basi majarida hugeukia wapigaji na waimbaji walio hai, ambao picha zao za kuvutia mara nyingi hutolewa na kampuni zinazouza rekodi zao. Mhariri anayeipokea picha ya bure hupokea pia sehemu ya mpango wa mauzo wa mtu mwingine. Anayetuma mpiga picha wake hulipa zaidi, lakini jalada linabaki kuwa lake.

Pamoja na hayo yote, moyo wa jarida la aina hii si jalada bali ni ukurasa wa tahakiki, na hasa mistari michache inayoutangulia, ile inayoeleza ni rekodi gani inayozungumziwa. Hakuna sehemu nyingine inayowatoa jasho wahariri wasanifu kama hiyo.

Mistari hiyo lazima itaje mtunzi, kazi, wapigaji, kiongozi wa okestra, kampuni iliyorekodi, nambari ya rekodi na urefu wake kwa dakika. Ikiwa rekodi ina watunzi wanne, na kila kazi ina mwimbaji wake, mistari huongezeka hadi ikatishia kuimeza tahakiki yenyewe. Msanifu hana budi kuamua ni kipi kiandikwe kwa herufi nene, kipi kwa mlazo na kipi kwa herufi ndogo, kisha uamuzi huo ufuatwe bila kukiukwa katika tahakiki mia moja au zaidi za toleo moja. Msomaji haambiwi kanuni hizo popote. Huzijua kwa jicho kufikia ukurasa wa tatu.

Majina yenyewe ni mtego. Wapo akina Bach kadhaa walioandika muziki, na "Bach" peke yake huchukuliwa kuwa Johann Sebastian. Wanawe Carl Philipp Emanuel na Johann Christian lazima watajwe kwa herufi zao za mwanzo. Johann Strauss wa muziki wa dansi wa Vienna hana undugu na Richard Strauss wa opera. Rachmaninov wa jarida moja ni Rachmaninoff wa jingine, na ole wake mhariri atakayewaruhusu wote wawili katika ukurasa mmoja.

Nambari nazo zina historia zao. Simfoni ya Dvořák iitwayo "Kutoka Ulimwengu Mpya" ilichapishwa kama simfoni yake ya tano, na leo inajulikana kama ya tisa, kwa sababu zile alizoziandika ujanani ziliingizwa kwenye hesabu baadaye. Anayetafuta rekodi ya zamani kwa nambari ya leo anaweza kubeba muziki mwingine kabisa. Ndiyo sababu majarida huongeza op. 95 baada ya jina. Kazi za Mozart hutambuliwa kwa herufi K, kutokana na orodha aliyoitoa Ludwig von Köchel mwaka wa 1862. Za Johann Sebastian Bach hutambuliwa kwa BWV, kutokana na orodha ya Wolfgang Schmieder ya 1950. Mtu asiyehusika huona herufi hizo kama uchafu juu ya ukurasa. Mwenye kuhusika huona anwani.

Kutokana na hayo, uchaguzi wa fonti katika jarida la muziki wa klasiki hauanzi na urembo. Huanza na jaribio rahisi: je, herufi hizi zinaweza kuandika Dvořák, Janáček, Bartók, Saint-Saëns na Szymanowski bila kuacha mraba mtupu mahali pa alama? Je, herufi za mlazo zinazo alama hizo pia? Fonti nyingi nzuri hufeli hapo. Aidha, jarida linalochapisha mifano ya nota katikati ya sentensi huhitaji alama za muziki zinazokaa sawa na maandishi. Leipzig iliwahi kuwa mbele katika jambo hilo pia, kwani katikati ya karne ya 18 Johann Gottlob Immanuel Breitkopf alibuni huko njia bora ya kupiga chapa nota kwa vipande vidogo vya risasi vinavyoweza kupangwa upya. Siku hizi kazi ni rahisi zaidi: fonti ya muziki iitwayo Bravura, iliyotolewa mwaka wa 2013, inapatikana bila malipo.

Baada ya herufi ni macho ya msomaji. Wasomaji wa majarida haya aghalabu si vijana, na wengi huyasoma usiku chini ya taa huku muziki ukilia. Msanifu anayepanga maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi ya samawati, au maandishi meupe juu ya picha nyeusi ya ukumbi, anajisanifia mwenyewe. Mstari wa safu usizidi sana herufi 40 hadi 50 ikiwa ukurasa una safu kadhaa. Ikiwa ni safu moja, 45 hadi 75. Karatasi inayong'aa sana huipendeza picha lakini humrudishia msomaji mwanga wa taa usoni.

Je, tahakiki iwekewe nyota? Hapa majarida yamegawanyika. BBC Music Magazine huweka nyota, na huzitenga: nyota za upigaji kando na nyota za ubora wa sauti iliyorekodiwa. Gramophone huacha maneno yaseme yenyewe, kisha mhariri huteua rekodi chache za kila toleo na kuzipa alama yake. Nchini Ufaransa, Diapason hutoa tuzo yake ya dhahabu, ambayo kampuni za kurekodi hukimbilia kuibandika juu ya bidhaa zao. Nyota humsaidia mwenye haraka, lakini pia humfunza msomaji kuruka maneno. Jarida linalowalipa wahakiki kwa maneno yao, kisha likamwonyesha msomaji njia ya kuyaepuka, linahitaji kujiuliza linauza nini.

Mwaka wa 1992, BBC Music Magazine ilipozinduliwa, iliingia sokoni na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo. Shirika la BBC lilikuwa na okestra zake na hazina ya matangazo yaliyorekodiwa kwa miongo mingi. Kila toleo likaja na CD yenye kazi nzima, si vipande vya kuonjesha. Ghafla jarida halikuwa karatasi tu bali kifurushi, na usanifu wake ulilazimika kubadilika: jalada lisilofunikwa na CD, plastiki ya kufungia, maelezo ya muziki yaliyoandikwa ili yahifadhiwe pamoja na diski. Wanunuzi wengi walijijengea maktaba nzima ya muziki kwa njia hiyo.

Si kila jarida lina shirika la utangazaji nyuma yake. Mengi huishi kwa hesabu kali, na hesabu hiyo ni rahisi kuieleza. Tuseme kuandaa toleo moja kunagharimu Sh600,000, yaani malipo ya waandishi, wahariri, picha na usanifu, na kwamba kuchapa na kutuma kila nakala ni Sh150. Kwa wasomaji 1,000, kila nakala inagharimu Sh750. Kwa wasomaji 3,000, inashuka hadi Sh350. Gharama ya kuandaa haijui idadi ya wasomaji; mia mbili au elfu ishirini, mhakiki analipwa yale yale.

Kwa sababu hiyo, jarida dogo huwapenda wanaolipa ada ya mwaka mzima kuliko wanaonunua barabarani. Nakala zinazopelekwa madukani na kurudi bila kuuzwa ni hasara tupu. Anayelipa mapema humwezesha mchapishaji kujua achape ngapi. Hata idadi ya kurasa hufuata hesabu, kwani mitambo huchapa karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa nane au 16. Mhariri anayeomba ukurasa mmoja zaidi kwa kawaida anaomba nane.

Ubora peke yake hauliokoi jarida. International Record Review, lililoanza Uingereza mwaka wa 2000 na kuheshimiwa sana kwa kina cha tahakiki zake, lilikoma mwaka wa 2015. Gramophone lilikuwa mikononi mwa familia ya Pollard kwa muda mrefu hadi lilipouzwa kwa Haymarket mwaka wa 1999, na mwaka wa 2013 likanunuliwa na Mark Allen Group. Katika safari hiyo lilijiongezea nguzo nyingine: tuzo zake za kila mwaka, zilizoanza 1977, na hazina ya matoleo yote tangu 1923 ambayo wasomaji wanaweza kuipekua kwa kompyuta. Tahakiki iliyoandikwa kwa santuri ya mwaka wa 1935 bado ina msomaji, kwa kuwa rekodi yenyewe imetolewa tena mara kadhaa.

Muziki wa mtandaoni ulidhaniwa kuwa ungeyafuta majarida haya, maana nani anahitaji kuambiwa anunue nini ilhali kila kitu kipo kwa ada moja ya mwezi? Lakini tatizo la msomaji limegeuka tu. Mwaka wa 1923 alihofia kupoteza pesa. Leo anahofia kupoteza jioni yake, akiwa mbele ya rekodi makumi kwa makumi za simfoni moja zisizo na maelezo yoyote.

Cha kustaajabisha ni kwamba kampuni za teknolojia zilikwama mahali pale pale wahariri wasanifu wanapotokwa jasho. Programu za kawaida za muziki zilipangwa kwa msanii, albamu na wimbo. Mpango huo hauwezi kumweleza mtu ni nani mtunzi, nani kiongozi wa okestra, nani anayeimba, na sehemu hii ni ya pili ya kazi ipi. Mwaka wa 2021 Apple ilinunua Primephonic, huduma iliyoundwa kwa ajili ya muziki wa klasiki, na Machi 2023 ikatoa programu ya pekee ya muziki huo. Ilichofanya ni kuiingiza katika simu ile mistari michache inayoitangulia tahakiki.

Nchini Kenya hakuna uhaba wa watu wanaoujua muziki huu. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayorudi nyuma hadi 1927, na kila mwaka wanafunzi hupanda jukwaani kuimba na kupiga kazi za lazima, baadhi zikiwa za watunzi wa Ulaya. Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1944. Mtaani Korogocho, mradi wa Ghetto Classics ulioanza 2008 umewafunza watoto fidla, tarumbeta na klarineti karibu na jaa la Dandora.

Anayewazia jarida la wasomaji hao angekosea iwapo angeiga kurasa za London. Mwalimu wa muziki wa shule ya upili hahitaji tahakiki 100 za CD ambazo haziuzwi mjini kwake. Anahitaji nota za kazi iliyoteuliwa kwa tamasha, maelezo ya namna ya kuifundisha kwaya isiyosoma nota, na jina la fundi anayeweza kuurekebisha upinde wa fidla. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa piano huku akitegemea kinanda cha kanisa anahitaji mazoezi yaliyochapwa kwa ukubwa unaosomeka kwenye kishikio cha nota, katika ukurasa unaokaa wazi bila kujifunga. Hilo peke yake huamua aina ya jalada, uzito wa karatasi na namna ya kuifunga: pini mbili katikati badala ya gundi mgongoni.

Toleo la majaribio la kurasa 16, likichapwa nakala chache na kupelekwa kwa walimu kabla ya msimu wa tamasha, lingegharimu kidogo kuliko nembo moja ya msanifu ghali. Walimu wangerudisha nakala hizo zikiwa zimeandikwa kalamu pembeni. Zile zisizokuwa na alama yoyote ndizo za kuangaliwa kwa makini zaidi.